Kutoka Madoa ya Potwe hadi Milia ya Punda: Miaka 20 ya Wildbook

Mwaka 2005 jarida la Journal of Applied Ecology lilichapisha makala ya watu watatu ambao fani zao hazikutani mara kwa mara. Zaven Arzoumanian alikuwa mtafiti wa nyota katika kituo cha NASA cha Goddard, Maryland. Jason Holmberg alikuwa mtu wa kompyuta. Brad Norman alikuwa mwanabaiolojia wa bahari wa Australia Magharibi. Walieleza namna ya kumtambua papa potwe mmoja mmoja kwa picha ya ubavu wake, kwa kutumia hesabu iliyotungwa kwa ajili ya ramani za nyota. Norman alikuwa ndani ya fani yake. Wenzake wawili waliifanya kazi hiyo pembeni ya ajira zao.

Mwaka 2025 makala hiyo ilitimiza miaka 20. Programu iliyotokana nayo ndiyo inayoitwa Wildbook. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuunakili, kuurekebisha na kuutumia bila kulipa. Imekwishatumika kuwatambua nyangumi kwa mikia, taa wakubwa aina ya manta kwa matumbo, twiga kwa mabaka, punda milia kwa milia, duma na mbwa mwitu kwa madoa na mabaka ya manyoya. Shirika lililoilea kwa sehemu kubwa ya muda huo, Wild Me la Portland, Oregon, halikuwahi kuwa kubwa. Waliolipwa mshahara walikuwa wachache, na waliofanya kazi bila mshahara walikuwa maelfu.

Kwa hiyo historia ya Wildbook ni historia ya uongozi usio na amri. Huwezi kumfukuza kazi mtu usiyemlipa, wala kumlazimisha mpiga mbizi wa Msumbiji akutumie picha zake za likizo. Viongozi wa jumuiya hii walijifunza mapema kwamba nguvu yao pekee ni kuipanga kazi ili mtu mwingine aweze kuishika. Pale walipofaulu katika hilo, taasisi ilikua, walipochelewa, ilikwama.

Nyota chini ya maji

Mwaka 2002 Holmberg alipiga mbizi katika maji ya Djibouti na kukutana na potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Potwe, ambaye pwani ya Kenya wanamwita papa shilingi, huweza kupita urefu wa mita 12, na hula vijidudu vya majini na samaki wadogo. Holmberg alitaka kujua wanyama hao ni wangapi na wanakwenda wapi. Jibu la wakati ule halikutosha. Watafiti waliwafunga potwe lebo za plastiki na kungoja mtu awaone tena. Lebo nyingi zilidondoka au zilifunikwa na magugu ya bahari, na idadi ya potwe walioonekana tena ilikuwa ndogo mno kufanyia hesabu yoyote.

Holmberg alimweleza rafiki yake Arzoumanian. Naye Arzoumanian alizungumza na mtaalamu mwenzake wa nyota, Mholanzi Gijs Nelemans, aliyemkumbusha kwamba tatizo la kulinganisha seti mbili za madoa lilikwishatatuliwa kwingine. Mwaka 1986 Edward Groth wa Chuo Kikuu cha Princeton alikuwa amechapisha njia ya kulinganisha picha mbili za anga. Chukua nyota tatu, unda pembetatu. Chukua tatu nyingine, unda nyingine. Endelea hivyo mpaka uzimalize. Kisha linganisha maumbo ya pembetatu hizo na yale ya picha ya pili. Kwa kuwa umbo la pembetatu hupimwa kwa uwiano wa pande zake, haidhuru picha moja ikiwa imepigwa kwa mbali na nyingine kwa karibu, au moja ikiwa imeinama.

Madoa meupe juu ya ngozi ya kijivu ya potwe yalifaa sana kwa hesabu hiyo. Kilichokosekana kilikuwa picha za kuijaribia, na hizo alikuwa nazo Norman. Tangu mwaka 1995 alikuwa akiwapiga picha potwe wa Ningaloo, pwani ya magharibi ya Australia, akiamini kwamba madoa ya kila mmoja hayafanani na ya mwingine wala hayabadiliki kwa miaka. Kompyuta ikathibitisha imani yake. Mwaka 2006 Norman alipewa Tuzo ya Rolex kwa juhudi hizo, na maktaba ya picha za potwe ikaanza kupokea mizigo kutoka kila bahari yenye joto.

Kazi isiyopigiwa makofi

Wengi wakisikia kwamba kompyuta inatambua papa, hudhani kazi imekwisha. Katika miaka ya mwanzo kompyuta ilifanya sehemu ndogo tu. Kila picha iliyoingia ilipaswa kufunguliwa na mtu. Mtu huyo alihakikisha kwamba ni ubavu wa kushoto, kwa sababu ndio uliochaguliwa kuwa wa kawaida katika maktaba hiyo. Kisha aliweka alama kwenye pointi za rejea, kwenye mpasuo wa tano wa matamvua na mwisho wa pezi la ubavuni, na kugusa doa moja moja mpaka ramani ya madoa ikamilike. Hapo ndipo hesabu ya Groth ilipoanza kutafuta. Nayo haikutoa jibu moja. Ilitoa orodha ya potwe wanaofanana, na mtu akaketi tena kuzilinganisha picha kwa macho kabla ya kukubali kwamba huyu ndiye yule.

Zaidi ya hapo kulikuwa na kazi kubwa ya ukarani, yaani kuhakiki tarehe na mahali. Picha nzuri isiyo na tarehe haina thamani katika sensa. Watalii waliandika jina la hoteli badala ya jina la bahari, wakasahau mwaka, wakatuma picha ya rafiki kana kwamba ni yao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na potwe naye ni mali ya namna hiyo. Waliokaa usiku wakimwandikia mgeni barua pepe ya tatu kumuuliza kama ilikuwa Machi au Mei ndio walioifanya maktaba iaminike.

Hapo ndipo uongozi wa kujitolea ulipopata sura yake. Kila eneo la bahari lilihitaji mtu anayelifahamu: anayejua msimu wa potwe wa pale, waongoza watalii wa pale, na jinsi majina ya mahali yanavyotajwa. Watafiti wa maeneo walipewa mamlaka ya kukagua picha za kwao wenyewe, na makao makuu yakabaki na kazi ya kutunza programu. Uamuzi huo ulionekana wa kiutawala tu, lakini uliiokoa taasisi. Kama kila picha ya dunia ingepaswa kupita mikononi mwa watu watatu wa mwanzo, maktaba ingefungwa ndani ya miaka michache kwa uchovu.

Matunda yake yalikuja kuonekana mwaka 2017, Norman na wenzake wengi walipochapisha katika jarida la BioScience muhtasari wa rekodi za kati ya mwaka 1992 na 2014. Potwe zaidi ya 6,000 walikuwa wametambuliwa mmoja mmoja katika nchi 54, na maeneo wanakokusanyika yaliyojulikana yalikuwa yameongezeka kutoka 13 hadi 20. Mwaka mmoja kabla yake, IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, lilikuwa limempandisha potwe kwenye orodha yake nyekundu kuwa mnyama aliye hatarini kutoweka. Waliofanya tathmini hiyo ni Norman na Simon Pierce, mtafiti ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa Msumbiji na kisiwani Mafia. Bila picha za watu wa kawaida, hoja yao ingekuwa dhaifu zaidi.

Kuufungua msimbo

Programu ya potwe ingeweza kubaki ya potwe. Holmberg angeweza kuifunga na kuiuza kwa bustani za wanyama na kampuni za utalii. Badala yake msimbo ulitolewa chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu kila mtu kuutumia kwa sharti kwamba atakayeurekebisha na kuusambaza naye aache wazi marekebisho yake. Mwanzoni mradi huo wa jumla uliitwa Shepherd Project, na baadaye ukachukua jina la Wildbook.

Leseni peke yake haimleti mtu mlangoni. Kuna misimbo mingi huria duniani ambayo hakuna aliyewahi kuigusa isipokuwa mwandishi wake. Kilichohitajika ni kuyatenganisha yale ya potwe na yale ya mnyama yeyote. Kukutana na mnyama, tarehe, mahali, aliyemwona, picha, na kitambulisho cha mnyama ni mambo yaleyale kwa papa na kwa twiga. Njia ya kulinganisha maumbile ndiyo inayobadilika. Wasanifu walipoitenga sehemu hiyo, mtafiti wa taa manta hakulazimika kuanza upya.

Hivyo zikazaliwa programu nyingine. MantaMatcher ilianzishwa kwa ajili ya taa manta, ambao wana madoa tumboni. Chimbuko lake ni watafiti waliofanya kazi Tofo, kusini mwa Msumbiji. Flukebook ilikuja kwa ajili ya nyangumi na pomboo, na hapo hesabu ya madoa haikusaidia kitu. Ilibidi kupima kingo za mikia na mapezi, kila pengo na kila kovu. Katika Bahari ya Arabuni, mtandao wa watafiti wa nyangumi uliichagua Flukebook kuunganisha rekodi za nchi kadhaa, zikiwemo za Oman. Nyangumi wa nundu wa huko hawahamahami kama ndugu zao, na makadirio yaliyochapishwa kwa maji ya Oman hayakufika wanyama 100. Kwa kundi dogo kiasi hicho, kujua kwamba nyangumi aliyeonekana Oman ndiye aliyepigwa picha ng'ambo ya bahari ni habari kubwa.

Kila tawi lilikuja na viongozi wake, waliokuwa watafiti wenye wanyama wao na ugomvi wao. Wild Me haikuwatawala. Iliwapa programu, ikawasikiliza walipolalamika, na mara nyingi malalamiko ya watu wa nyangumi yakaleta marekebisho yaliyowanufaisha watu wa chui.

Mpala, Nairobi na Samburu

Sura ya Afrika Mashariki ilianzia nchi kavu, na mwanzoni ilikuwa mradi mwingine kabisa. Kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, kilikuwa makao ya pili ya Dan Rubenstein wa Princeton, mtaalamu wa tabia za punda milia. Huko alishirikiana na Tanya Berger-Wolf, mwanasayansi wa kompyuta aliyekuwa wakati huo Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago. Swali lilikuwa lilelile la Holmberg. Nitawajuaje hawa mmoja mmoja bila kuwagusa?

Mwaka 2011 kundi lao lilichapisha programu iitwayo StripeSpotter, na miongoni mwa waandishi alikuwemo Rosemary Warungu, Mkenya aliyefanya kazi ya utafiti nyikani. Baada yake ikaja HotSpotter, kazi ya Jonathan Crall na mwalimu wake Chuck Stewart wa chuo cha Rensselaer, mjini Troy, New York. HotSpotter haikuhesabu milia. Ilitafuta vipande vidogo vya ngozi vyenye sura ya pekee, ikavilinganisha na vipande vya wanyama wote waliokwishahifadhiwa. Kwa kuwa haikujali kama ni milia, mabaka au madoa, ilimfaa punda milia kama ilivyomfaa twiga na chui. Hatimaye kundi la Mpala na lile la potwe liliona kwamba kila moja lina kile ambacho mwenzake hana. Watu wa Mpala walikuwa na akili ya kutambua, na watu wa potwe walikuwa na daftari na jumuiya. Wakaungana.

Jaribio la kwanza la hadhara lilikuwa Nairobi. Tarehe 1 na 2 Machi 2015 wakazi wa kawaida, wenye magari na kamera zao, waliingia Hifadhi ya Taifa ya Nairobi kupiga picha za punda milia na twiga. Mwaka uliofuata, tarehe 30 na 31 Januari 2016, mpango ukahamia kaskazini kwa kishindo: sensa ya punda milia wa Grevy, iliyopewa jina la Great Grevy's Rally. Mnyama huyu mwenye masikio mapana na milia myembamba alikuwa akikadiriwa kufika 15,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Kufikia wakati wa sensa walikuwa wamebaki chini ya 3,000, karibu wote Kenya na wachache Ethiopia.

Ndani ya siku mbili watu walitawanyika Laikipia, Samburu, Isiolo, Marsabit na Meru. Walikuwemo wanafunzi, askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), wenye mashamba, waongoza watalii, na maskauti wa jamii wanaofanya kazi na shirika la Grevy's Zebra Trust, wengi wao wafugaji wanaojua kila bonde. Maelekezo yalikuwa mafupi: piga ubavu wa kulia, na hakikisha saa ya kamera ni sahihi. Zilirudi picha zaidi ya 40,000.

Hesabu yenyewe ni rahisi kueleza. Tuseme siku ya kwanza umewatambua wanyama 100. Siku ya pili ukawatambua 100 tena, na 50 kati yao ni wale wa jana. Kwa kuwa nusu ya uliowaona leo ulikwishawaona, jana uliona nusu ya wote, kwa hiyo wote ni kama 200. Zamani ili kufanya hesabu hiyo ilibidi umkamate mnyama na kumtia alama. Sasa alama ni milia yake mwenyewe, na sensa iliyohitaji ndege na mafuta mengi inaweza kufanywa na watu wenye kamera. Makadirio ya mwaka 2016 yalikuwa juu kidogo ya 2,000. Sensa ikarudiwa mwaka 2018, kisha mwaka 2020, na twiga wa kaskazini wenye mabaka yaliyokatwa kwa mistari nao wakaingizwa katika awamu zilizofuata.

Jambo lililoleta mabadiliko kwa wahifadhi lilikuwa zaidi ya jumla. Picha zilionyesha umri na jinsia, yaani watoto wa punda milia wangapi wanazaliwa, wangapi wanafika ukubwani, na katika eneo gani majike wananyonyesha kwa usalama. Kwa mnyama anayegombea maji na malisho na mifugo, takwimu ya namna hiyo humwambia mzee wa ranchi ya jamii kitu anachoweza kukifanyia kazi, kama kuacha kisima kimoja bila ng'ombe nyakati za usiku.

Tena kuna hili: katika sensa ya Grevy wenyeji walishiriki katika teknolojia hii kwa wingi bila kusubiri mtafiti wa kigeni awapigie picha. Programu iliandikwa Chicago, Troy na Portland, lakini aliyejua punda wako wapi saa 12 asubuhi alikuwa skauti wa Samburu. Waandaaji walilijua hilo, na waliwapa watu wa maeneo madaraka ya kugawa njia na kuongoza timu.

Kile ambacho picha haisemi

Historia ya kuadhimisha taasisi ikiacha mipaka yake inakuwa tangazo. Mpaka mkubwa wa njia hii umeonekana vizuri kisiwani Mafia.

Kuanzia Oktoba hadi Machi potwe hukusanyika karibu na Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa, wakila makundi ya uduvi na samaki wadogo. Wengi wao ni madume wachanga. Wavuvi wamekuwa wakiwajua siku zote. Wageni wenye kamera walifuata. Msimu ukiisha, picha hupungua, na anayesoma maktaba ya picha peke yake angehitimisha kwamba potwe wamehama. Tangu mwaka 2012 watafiti waliongeza vifaa vinavyotoa mlio, wakawafunga potwe na kuweka vipokezi chini ya maji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba wengi hawakuwa wamehama. Walisogea tu mbali kidogo na kushuka chini zaidi, mahali ambapo boti za watalii haziwaoni.

Somo la Mafia liliingia katika mazungumzo ya jumuiya nzima. Picha ya mtu wa kujitolea inaeleza pia tabia za mtu huyo. Hupigwa pale penye hoteli, siku ya jua, maji yakiwa safi. Kwa hiyo viongozi wa matawi walianza kusisitiza kwamba rekodi ya siku ambayo mtu alitoka na hakuona kitu nayo ina thamani. Ni rekodi ngumu kuipata kwa mtu aliyekuja likizo, kwa kuwa hakuna anayependa kuandika kwamba hakuona kitu.

Nani mwenye picha?

Jambo la pili lililoisumbua jumuiya halikuwa la kiufundi. Msimbo ni wa wote. Je, na rekodi nazo ni za wote?

Mtafiti aliyekaa nyikani miaka kumi akiwafuata mbwa mwitu anaogopa, kwa haki, kwamba mwingine atapakua jasho lake na kulichapisha kwanza. Mhifadhi naye anaogopa jangili. Ramani inayoonyesha mahali pa kulala pa mnyama adimu ni msaada kwa askari na pia kwa adui. Wafuasi wa programu huria, waliozoea kuamini kwamba kila kilicho wazi ni bora, ilibidi wajifunze kutofautisha. Wildbook iliweka utaratibu ambao mtafiti anaona kwamba mnyama wake ameonekana kwingine, lakini ili aone rekodi za mwenzake lazima aombe ushirikiano na akubaliwe. Uamuzi unabaki kwa aliyekusanya.

Utaratibu huo ulichelewesha mambo, na wapo waliouona kama kurudi nyuma. Hata hivyo ndio uliowafanya watafiti wa wanyama wala nyama wa Afrika wakubali kuweka rekodi zao sehemu moja. Duma hajui mpaka wa nchi, na mtafiti wa upande mmoja alikuwa akimhesabu kama mpya mnyama ambaye jirani yake alimfahamu tangu utotoni. Hilo linaweza kugunduliwa tu kama wote wawili wanaamini kwamba hawataibiwa.

Upande wa pili kulikuwa na picha ambazo hakuna aliyezituma. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2010 Wild Me iliunda wakala wa kompyuta aliyepekua video za YouTube kutafuta potwe. Alipoipata video isiyo na tarehe au mahali, alimwuliza mwenye video. Watu wengi walijibu wakifurahi kwamba video ya likizo yao imetambulisha mnyama mwenye namba. Kazi ya barua pepe ya tatu, ile ya usiku, ilikuwa imepata msaidizi. Hata hivyo ilibidi mtu akague kila jibu.

Kubadilisha mikono

Kwa miaka mingi Holmberg aliifanya kazi hii pembeni ya ajira nyingine, kisha akawa mkurugenzi mtendaji wa Wild Me. Berger-Wolf alihamia Chuo Kikuu cha Ohio State, na kutoka huko akaongoza taasisi ya Imageomics, iliyoanzishwa mwaka 2021 kwa fedha za mfuko wa sayansi wa Marekani ili kusoma maumbile ya viumbe kwa akili mnemba. Wild Me yenyewe baadaye iliingia chini ya mwavuli wa Conservation X Labs, shirika la Washington linalotafuta teknolojia za kuzuia kutoweka kwa viumbe.

Nyuma ya habari hizo za kuhama na kuungana kuna ukweli ambao kila jumuiya ya programu huria inaujua. Leseni huria hailipi umeme. Seva zinazohifadhi mamilioni ya picha zinagharimu, na kompyuta za kufundisha akili mnemba zinagharimu zaidi. Mfadhili hupenda kugharamia kitu kipya chenye jina. Ni wachache wanaogharamia kurekebisha hitilafu ya fomu ya kujaza tarehe. Matokeo yake kazi ya ukarabati huangukia wanaojitolea, na wakichoka programu huanza kuoza hata kama msimbo wake bado uko wazi.

Kwa hiyo uongozi wa kujitolea katika jumuiya ya namna hii una kazi chache na zote ni za kuchosha. Kuna anayepokea ripoti za hitilafu na kuamua ipi ni ya kweli. Kuna anayeandika mwongozo ili mtafiti asiyejua kompyuta aweze kupakia picha zake bila kupiga simu. Kuna anayetafsiri, anayejaribu toleo jipya kabla halijawafikia wengine, na anayemkaribisha mgeni aliyeleta marekebisho yake ya kwanza na kumweleza kwa upole kwa nini hayajakubaliwa. Hizo ndizo nafasi ambazo taasisi hii imezihitaji miaka yote 20, na ambazo mara nyingi hazikuwa na jina wala cheo.

Zamu ya wenye wanyama

Ukiichora ramani ya Wildbook utaona pengo lililo wazi. Wanyama wengi wako Afrika na Bahari ya Hindi. Watu wa kuwapiga picha, kuwafuata na kuwalinda wako huko pia. Walioandika msimbo, kwa sehemu kubwa, walikuwa Marekani. Pengo hilo halikutokana na nia mbaya. Lilitokana na mahali fedha na vyuo vilipokuwa. Hata hivyo lina gharama. Fomu iliyoundwa na mtu mwenye intaneti ya kasi haimhurumii askari wa hifadhi anayepakia picha kwa bando la simu. Programu inayodhani kila mtumiaji ana anwani ya barua pepe humwacha nje mvuvi wa Kilindoni, ambaye huenda ameona potwe wengi kuliko mtafiti yeyote.

Mambo hayo yanaweza kurekebishwa na yeyote anayejua kuandika programu, maana msimbo uko pale pale ulipoachwa wazi. Vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi, Morogoro na Eldoret vinatoa wahitimu wa kompyuta kila mwaka, na vingine vinafundisha usimamizi wa wanyamapori katika eneo hilohilo la chuo. Holmberg, Arzoumanian na Norman walikutana kwa bahati. Idara mbili za chuo kimoja zinaweza kukutana kwa makusudi.

Wanaoongoza jumuiya hii nao wana deni lao. Sensa ya Grevy ilifaulu kwa sababu maamuzi ya nyikani yaliachiwa watu wa nyikani. Kanuni hiyo haijafika kwa ukamilifu kwenye msimbo, ambako ndiko inakoamuliwa mnyama gani ashughulikiwe kwanza, lugha gani iongezwe, na hitilafu ya nani isubiri. Katika miaka 20 ya kwanza taasisi hii ilithibitisha kwamba watu wasiolipwa wanaweza kuendesha sensa ambayo serikali inaitumia na tathmini ambayo dunia inaiamini. Katika 20 ijayo itapimwa kwa kuangalia ni wangapi kati ya wanaokubali au kukataa marekebisho ya msimbo wanaishi jirani na wanyama wenyewe.